Nsabimana (Si Jina Lake Halisi)

Busunzu, Kibondo
14 Septemba 2024

Kwa Dokta Shamsia binti Khatibu,
dukani kwa baba yake, Kasulu.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako siiamini. Mara ya mwisho uliiweka juu ya kigoda changu, ukasema, "Babu, usiijali, ongea tu," nami nikaongea, na sasa ona tulipofika. Karatasi haina masikio. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi, nikamwambia akiipoteza nitamwambia mkewe ninayoyajua. Itafika.

Barua hii haina salamu. Salamu nitakupa siku ukinipa sababu.

Kijitabu chako kimetufikia. Kile chenye picha ya mikono yenye udongo: "Kazi Zisizo Rasmi na Maisha ya Mashaka Nyanda za Juu Kigoma." Kazi zisizo rasmi! Mimi nimefyatua tofali tangu baba yako hajanunua mizani ya kwanza, kuna madarasa huku yamesimama kwa jasho langu, leo naambiwa kazi yangu si rasmi. Rasmi ni ipi, ya kukalia kiti? Haya, hilo nimelimeza. Lililonikwama ni la ukurasa wa kumi na moja.

Mwenyekiti wa kamati ya bonde letu alikipata Kibondo mjini, kwenye mkutano wenu wa chai na maandazi. Akaja nacho mpaka kilabuni kwa mama Esteri, akakisoma kwa sauti, watu wote vikombe mkononi. Kwenye kile kisanduku cha rangi ya chungwa umeandika hivi: "Nsabimana (si jina lake halisi), mmiliki wa tanuri katika bonde moja wilayani Kibondo, anasema: Mimi watu wangu nawatoa kambini. Wanafyatua tangu jua halijatoka. Anayelalamika namwonyesha njia aliyojia."

Mwanangu, nani anasoma mabano kilabuni? Msomaji akifika kwenye mabano anameza mate, anaendelea. Na hilo "bonde moja" lako, umelieleza kwamba lina mto uliojipinda mara mbili na mnara wa simu juu ya kilima. Ungechora ramani tungefichika zaidi.

Nsabimana bondeni ni mmoja. Ni shemeji yangu, muramu kwa Kiha chetu, kaka wa mke wangu Theodosia. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Uraia anao, cheti anacho, kura anapiga foleni ile ile ninayopiga mimi. Watu walikuwa wakimwita Mrundi kwa utani, naye anacheka, anawarudishia. Tangu kijitabu chako kisomwe wanamwita Mrundi bila kucheka.

Kamati imemwambia asikanyage bondeni mpaka "suala lichunguzwe," ati amegeuza bonde la kijiji kuwa shamba la wakimbizi. Na tanuri lake limeshapangwa. Tofali mbichi, kazi ya kiangazi kizima, zimesimama pale zinasubiri moto. Wewe ni mtoto wa Kasulu, unajua mwezi huu unaelekea wapi. Mvua ikitangulia moto, tofali mbichi inarudi ilikotoka.

Kwa nini ulichagua jina hilo? Majina yamekwisha duniani? Ungeweka la baba yako: Khatibu, mmiliki wa tanuri.

Njoo uwaambie kamati kwamba Nsabimana wa kijitabu siye Nsabimana wa bondeni. Upesi.

Mwenye hasira,
Tharsisi Bukuru
(Hili ndilo jina langu halisi. Mabano haya uyasome.)


Kasulu
17 Septemba 2024

Mzee wangu Tharsisi,

Shikamoo.

Barua yako imenifikia na imenihuzunisha. Naomba upokee pole zangu, na umfikishie pole shemeji yako.

Utafiti wetu unaongozwa na kanuni za maadili. Kila mshiriki tuliyezungumza naye tulimwahidi kwamba utambulisho wake utalindwa. Ndiyo sababu majina yote katika kijitabu yamebadilishwa. Kanuni hizo hizo hazinipi nafasi ya kusimama mbele ya kamati yoyote na kusema nani ni nani, au nani siye nani. Nikimtoa mmoja, nitakuwa nimewaonyesha waliobaki.

Nimeandika barua rasmi kwa mwenyekiti wa kamati, kumkumbusha kwamba majina si halisi na kijitabu hakikusudiwa kutumika kama ushahidi dhidi ya mtu yeyote. Naamini atanielewa.

Kuhusu jina lenyewe, Mzee, sikulichagua mimi. Tuliwaacha washiriki wajichagulie. Nakuomba kwa heshima uikumbuke vizuri siku ile tulipokaa kibarazani kwako.

Ni mimi mwanao,
Dkt. Shamsia Khatibu


Busunzu
20 Septemba 2024

Dokta,

Mshiriki! Mara ya mwisho mimi kushiriki ilikuwa ekaristi, na padri hakuja kuniuza baadaye.

Barua yako kwa mwenyekiti imefika. Unajua ameifanya nini? Ameisoma kilabuni kwa mama Esteri. Akasema, "Mnaona? Chuo kizima kimeandika kumtetea. Kama hana kitu, wanamtetea nini?" Watu wakatikisa vichwa kama mbuzi waliokula tumbaku. Sasa Nsabimana si mwajiri wa wakimbizi tu, ni mtu mwenye wakubwa nyuma yake. Asante sana. Ukiwa na msaada mwingine wa namna hiyo, mpelekee adui yako.

Nikumbuke nini? Mimi nakumbuka chai. Theodosia alikupikia chai ya maziwa, ukanywa vikombe viwili, ukasema basi litakuacha, ukanipa mche wa sabuni. Mche wa sabuni! Ulijua tutachafuka.

Nataka ujue alivyo shemeji yangu sasa, maana kwenye kijitabu chako mtu akishatoa maneno yake kwenye kisanduku hana tena tumbo wala usingizi. Asubuhi anakuja kusimama juu ya kilima, penye mnara, anaangalia tanuri lake kwa mbali. Hashuki. Alimwomba mwenyekiti aruhusiwe walau kulifunika, akaambiwa alete kwanza cheti cha uraia. Amekileta. Wakasema wanataka na cha marehemu baba yake. Mtu aliyezikwa hapa hapa, na nusu ya kamati walibeba jeneza!

Nimelifunika mimi kwa nyasi na lile turubai tulilotandaza kwenye harusi ya binti yangu. Nilitaka nilitie moto mwenyewe yaishe, wakaniambia moshi ukionekana, tanuri la kila mtu litafungwa. Kwa hiyo sasa wenye matanuri wote wanamlinda mwenyekiti kuliko mbwa wake.

Jana kulikuwa na wingu upande wa Burundi. Limepita. Lingine halitapita.

Niambie, wewe kanuni zako zinamlinda nani? Mimi sijaomba kulindwa. Aliyeomba ni nani? Mlete huyo mwoga tumtazame.

Tharsisi Bukuru


Kasulu
23 Septemba 2024

Mzee Tharsisi,

Shikamoo.

Nimejizuia mara mbili. Leo sitajizuia, na kama ni utovu wa adabu, baba yangu Khatibu anaisoma barua hii kabla haijafungwa na amesema niitume hivi hivi.

Umeniita mwuzaji, umenisimanga kwa mche wa sabuni, umeniuliza mwoga ni nani. Mwoga ni wewe, Babu.

Nimeirudia sauti uliyoniachia. Nakunakilia, maana mwenye maneno haya ni wewe na kwako si siri.

Mimi: Chagua jina lolote, tuliandike badala ya lako.
Wewe: Lolote?
Mimi: Lolote upendalo.
Wewe: Andika Nsabimana. Hilo ni jina la bosi. (Unacheka sana.) Akisikia atanifukuza na panga!

Mimi nilidhani umelitunga, kama wale waliojiita Simba na Rais. Hata ulipoendelea kumsema nilidhani ni mzaha wako; sikujua kama kuna Nsabimana anayepumua, tena shemeji yako, tena jirani yako. Wewe ulijua. Ulijua siku ile, ulijua mwenyekiti alipokuwa anasoma kilabuni, na ulijua ulipokuwa unaniandikia barua ya kwanza kunitukania baba.

Na yale ya watu wa kambini ni yako pia. Nilikuuliza, "Wewe ni mwajiri au mwajiriwa?" Ukajibu, "Mwajiri, tena mkali." Hukulazimishwa. Nimeyapeleka maneno yako mbele ya watu walionisomesha, nikayatetea, nikasema namwamini mzee huyu kwa sababu nimetoka kwao, nayajua mazungumzo yao. Leo nikisoma naona aibu ya kutosha watu wawili.

Bado siwezi kukutaja. Ahadi niliyokupa haifutiki kwa kuwa umenikasirisha. Lakini wewe hujafungwa na kanuni yoyote. Una miguu na mdomo. Nenda kamati ukaseme.

Shamsia


Busunzu
26 Septemba 2024

Binti Khatibu,

Baba yako asome na hii.

Ndiyo. Nililisema mimi. Unataka nilie? Silii.

Lakini hebu tuone nani mjinga zaidi. Mtu akiambiwa chagua jina lolote, ataje la nani? La shemeji! Huyo ndiye mtu aliyewekwa duniani ili nimchezee. Mimi nimemwoa dada yake, kwa hiyo yeye ni wangu wa kutukana na mimi ni wake. Aliwahi kuniuza mnadani Kasulu pamoja na mbuzi, akamwambia mnunuzi nakula kidogo. Kwenye msiba wa mama yangu alilala kaburini, akagoma kutoka mpaka nimpe kuku. Ndivyo tulivyo. Nilitaja jina lake nikiwa nacheka, wewe unasema umesikia nacheka, simu yako imesikia nacheka, hata umeandika "unacheka sana." Basi kicheko kilienda wapi? Kwenye kijitabu maneno yapo yote, kicheko hakipo. Na umezaliwa Kasulu! Mzungu angekosea hivyo ningemhurumia.

Ya pili. Ulipouliza mwajiri au mwajiriwa, jibu langu la kwanza lilikuwa lipi? Rudia sauti yako kwa makini. Nilikwambia sisi tunafanyiana. Tanuri la shemeji nalichoma mimi, kwa sababu moto unanisikia. La kwangu analipanga yeye, maana mimi nikipanga linainama kama mlevi. Hakuna anayemlipa mwenzake, kazi inaenda na kurudi. Ukasema, "Hapana Babu, ni lazima iwe moja." Ukarudia. Ukaangalia saa. Nikaona hebu nichague moja mtoto wa watu awahi basi, na kama ni kuchagua, nichague mwajiriwa kwa nini? Umri huu sijawahi kuwa bosi hata wa punda. Nikawa bosi jioni moja. Nikakaa vizuri, nikakaza sauti.

Ya tatu, ya kambini. Uliniuliza kama tunatumia watu wa kambini. Nikasema hapana. Ukauliza tena kwa maneno mengine. Nikasema hapana. Ukauliza tena! Mgeni akidai chumvi mara tatu unampa chumvi. Nilipokupa, macho yako yaliwaka, ukaandika mpaka kalamu ikaisha wino. Wenzako waliokutangulia walikuwa hivyo hivyo. Hamji kuuliza, mnakuja kuchukua mlichokwisha kukiandika huko mjini, mnatafuta tu mdomo wa kukipitishia.

Haya. Nimemaliza kukutukana. Umeniita mwoga mbele ya baba yako. Kesho kamati inakaa. Nakwenda.

Tharsisi


Busunzu
29 Septemba 2024

Kwa Shamsia,

Mimi ni Theodosia, mke wa Tharsisi. Nimesoma darasa la saba kwa hiyo usidhani nimeandikiwa. Tharsisi hajui kama nakuandikia. Amelala kitandani ameelekea ukutani, mchana.

Alikwenda kamati. Nilikuwepo, nimesimama dirishani na wanawake wengine. Akasimama akasema, "Nsabimana wa kijitabu ni mimi." Walicheka. Akasema tena, wakacheka zaidi. Mmoja akamwuliza, "Mzee, leo umeinywea kwa nani?" Akapiga meza, akaapa kwa kaburi la mama yake, wengine wakatoka nje kucheka vizuri. Huyu ndiye mtu aliyewahi kutangaza reli inajengwa Busunzu, watu wakaamka kufagia njia. Amewachezea miaka yote, siku aliyokuja na ukweli hawakuwa na mahali pa kuuweka. Mwenyekiti akasema, "Shemeji anamtetea shemeji, ni vizuri, kaa chini." Akakaa.

Nimemwambia yangu nyumbani. Hayo hayakuhusu. Yanayokuhusu ni haya.

Juzi imenyesha. Turubai lilichukuliwa na upepo, upande mmoja wa tanuri umeshuka. Kaka yangu aliona kutoka kilimani. Alishuka nusu njia, vijana wa kamati wakamzuia, na wawili kati yao aliwafundisha kufyatua yeye.

Wewe ulikunywa chai yangu vikombe viwili. Bondeni ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Ungeshuka, ungemkuta mtu na mkewe, miguu kwenye tope, na hakuna mwingine. Hukushuka. Ulisema viatu vitaingia tope.

Sitaki kanuni. Sauti ya mume wangu unayo wewe. Yeye akisema hawamwamini, lakini simu ikisema watamwamini, ndiyo dunia ilivyo sasa. Ilete.

Theodosia


Kasulu
1 Oktoba 2024

Mama Theodosia, Mzee Tharsisi,

Shikamooni.

Niliwaandikia wakubwa wangu chuoni kuomba ruhusa. Wamejibu hapana, na wamenikumbusha adhabu yake. Ninakuja Alhamisi kwa basi la kwanza. Nimempigia mwenyekiti, amekubali kamati ikae saa nne.

Mama, ni kweli nilisema viatu. Sina la kujitetea.

Mzee, nahitaji uridhie kwa mkono wako, mbele ya watu, kwamba sauti yako isikike. Na wakubali kuisikia nzima, maana nikikata kipande mwenyekiti atasema nimeitengeneza. Nakuonya tu, Babu: baada ya lile jina kuna maneno mengine. Sijui kama unayakumbuka. Nimefikiria nisikutumie barua hii kwa sababu ya maneno hayo. Halafu nikafikiria tanuri.

Shamsia


Busunzu
13 Oktoba 2024

Shamsia,

Usinijibu barua hii. Nasikia umeitwa chuoni ujieleze. Wakikufukuza, njoo, bondeni pana nafasi na hatuulizi vyeti. Kumbe tunauliza. Haya, njoo hivyo hivyo.

Uliondoka mbio siku ile ukaliwahi basi, tena, kwa hiyo yaliyofuata huyajui. Nitakueleza kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumweleza bila kupigwa.

Uliona mwenyewe kamati walivyoangua kicheko. Sauti yangu iliposema "mwajiri, tena mkali," hata mwenyekiti alifuta machozi. Nilifurahi, nisikudanganye. Nikasema yamekwisha, wameamini. Halafu simu yako ikaendelea.

Niliyasahau maneno yale. Si uongo, niliyasahau, kwa sababu nimeyasema mara nyingi mno, na machoni pake. "Huyo Nsabimana unamjua wewe? Walikuja hapa na godoro moja, na hilo godoro lina kunguni wa Burundi. Siku wakirudishwa sisi tunabaki na tanuri, wao wachukue kunguni wao." Nilimwambia hivyo kwenye ubatizo wa mwanawe, akacheka mpaka akamwaga pombe. Akanijibu kunguni wenyewe nimewaoa. Ni letu hilo, mimi na yeye.

Lakini siku ile lilitoka kwenye simu, mbele ya watu waliomwomba cheti cha marehemu baba yake. Na walicheka. Kile kile kicheko chetu, wakakichukua wao. Nilimtazama. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia juu ya goti. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza bei.

Wamemsafisha. Mwenyekiti amesema, "Yamekwisha, yalikuwa masihara ya wazee," akampa mkono. Hakuomba radhi. Wala kijana mmoja hakuomba radhi. Kilabuni sasa wanaigiza sauti yangu, godoro na kunguni, wanapokezana, na mimi niliyewafundisha kuigiza sina pa kuwashtaki.

Nsabimana ameshuka bondeni siku hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imeshapiga tena. Tanuri limelala, Shamsia. Pembe moja tu ya nyuma imesimama, kwingine kote ni tope lenye nyasi. Amevua viatu, ameanza kuchota tope lile lile, kulikanda upya, kwenye mvua, maana udongo hauna kosa. Kwamba tofali zitakauka lini, Mungu anajua. Yeye anafyatua akizianika chini ya bati la jikoni kwake, chache chache, kama mwendawazimu.

Leo nikaenda. Sikuitwa. Nikavua viatu, nikaingia kwenye shimo, nikakanda. Hakunifukuza. Kutwa nzima nilikuwa namtupia maneno, nikamwita kila jina tunaloitana, nikamwambia mkewe anafyatua vizuri kuliko yeye. Yeye akaendelea kukanda. Mkewe alinipa maji kwenye kikombe cha wageni, kile cha ua.

Jioni tukanawa miguu mtoni. Akaja nilipo. Akatoa noti mfukoni, akaikunjua vizuri, akanipa kwa mikono miwili.

"Asante kwa kazi ya leo, mzee," akasema.

Kwa Kiswahili. Mimi na yeye hatujawahi kusemezana Kiswahili. Hata tulipogombana, hata tulipozika.

Nikamjibu kwa Kiha, muramu, tangu lini tunalipana? Akaniambia, tena kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyomwambia mtu wa ofisini, kwamba kuanzia sasa kila anayeingia kwenye shimo lake atalipwa, ili akija mtu kuuliza nani mwajiri na nani mwajiriwa, jibu lisikosekane.

Noti nimeichukua. Ningeikataa angedhani natania.

Kesho ameniambia niwahi.

Tharsisi Bukuru